Dhahabu ya Wajane

Saa tatu asubuhi. Nyuma ya karakana ya kushona viti, wanaume watatu wameinamia meza moja. Chumba kinanuka gundi.

"Leo kampuni inatimiza miaka hamsini," Wakala alisema. "Kila mwaka siku hii mwenyekiti huwasimulia wafanyakazi historia ya kampuni. Wote lazima wawe ukumbini, hadi walinzi. Akianza tu, tunashuka chini."

Wakala ndiye bosi. Aliwahi kufanya kazi kampuni hiyo hiyo ya bima ya maisha. Enzi hizo watu hawakuwa na pesa mkononi, wakalipa kwa dhahabu. Dhahabu ile bado iko kwenye hazina chini ya ukumbi.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiikusanya?" Fundi wa makufuli aliuliza.

"Mimi? Thubutu! Nilikaa dawatini tu. Waliowaliza wajane ni wengine."

Akafunga mfuko wa vifaa kwa waya wa shaba. Akausokota mara tatu, ncha akaichomeka ndani.

Fundi akapanga funguo zake. Mama yake alilipia bima ya mumewe kwa bangili moja, akabaki na ya pili. Baba alipofariki, wakala mmoja akaja kusema bangili haikufika, kwa hiyo hakuna bima. Mama akafulia watu nguo mpaka vidole vikakakamaa. Fundi hakuja kutajirika. Alikuja kuichukua bangili ile.

Saa nne na nusu. Dereva, yule wa tatu, yuko nje ya kampuni, injini inanguruma; Wakala na Fundi wako chini, mbele ya hazina. Juu ukumbini, kipaza sauti cha mwenyekiti kinakoroma.

"Mwasisi wetu alitembea nyumba hadi nyumba, akiwafuta wajane machozi..."

Makofi. Fundi akasonya. Lo, watu hawana haya hawa!

Mlango wa chuma ukakubali. Ndani, rafu zimejaa pete, hereni, mikufu. Mafungu mengine yamefungwa kwa uzi, mengine kwa utepe, kila wakala na mtindo wake. Bosi akaanza kusomba kama anavuna shamba lake.

Fundi akaiona. Bangili yenye alama ya tupa, pale Baba alipoipunguza. Bangili pacha ingali mkononi mwa Mama. Hii imefungwa kwa waya wa shaba. Misokoto mitatu. Ncha imechomekwa ndani.

Akautazama mfuko wa vifaa. Akaitazama tena bangili.

"Ni wewe. Ulimwambia mama yangu haikufika."

Wakala hata hakugeuka. "Niliwaambia wengi. Ndiyo ilikuwa kazi. Jaza gunia, mwanangu."

Hilo "mwanangu" ndilo lililommaliza Fundi. Aliichukua bangili, akatoka kinyumenyume, akausukuma mlango ule unaofungulika kutoka nje tu, ukajifunga.

"We! Fundi! Usinifanyie hivyo, ndugu yangu!"

Ngumi zikagonga chuma. Ukumbini walikuwa wamesimama wanapiga makofi, hakuna aliyesikia.

Fundi alijitupa garini bila gunia, bangili ameikaza kiganjani.

"Gunia liko wapi?" Dereva aling'aka. "Bosi je?"

Fundi akatema mate dirishani.

"Amerudi kazini. Twende."