Kilichombonyeza Fundi

Fundi cherehani alikuwa anashona upindo wa gauni la mteja, jua la mchana likimulika meza, alipohisi mtu amembonyeza mkono, upande wa ndani, juu kidogo ya kiwiko. Shoti kama ya umeme ikamshuka hadi kidole cha mwisho. Akageuka. Mama mkwe wake alikuwa kule mlangoni, anakunja nguo.

"Mama, umenigusa?"

"Nikuguse kwa mkono gani, mwanangu? Wa kuazima?"

Wakacheka. Lakini pale palipobonyezwa palikuwa na kivimbe kama harage, ambacho fundi hakuwahi kukiona.

Kikakua, na kila siku kikabonyezwa. Siku moja mama mkwe alishuhudia kwa macho yake: ngozi ilibonyea taratibu, ikabaki na kishimo, kisha ikajaa tena, na hapakuwa na mtu. Chumba kikanuka udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Hospitalini, daktari alikisukuma kile kivimbe. Kushoto na kulia kiliteleza; juu na chini kikagoma. Alipokigonga kwa ncha ya kidole, fundi aliruka.

"Kimeota kwenye ala ya mshipa wa fahamu," alisema. "Vingi vya namna hii si saratani. Ila siwezi kukuapia mpaka kitoke, kipimwe maabara."

Mama mkwe akamwita mganga kwanza. Mganga alikinusa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Kivimbe ni cha daktari," alinong'ona. "Anayebonyeza ni mwingine. Yuko nje, anatafuta pa kuingilia, na hicho kimemzibia njia. Mkikitoa, sijui."

"Na kama ni saratani, babu?"

Mganga akaokota mkoba wake. "Saratani mpelekee daktari."

Fundi akachagua kisu. Daktari alipasua, akakimenya kivimbe kutoka kwenye ala yake kama njugu kwenye ganda, nyuzi za mshipa zikabaki nzima. Majibu yalipotoka akamsomea mwenyewe: chini ya hadubini seli zilikuwa zimejipanga safu safu, zimetulia, hazina ubaya.

"Si saratani. Na aghalabu hakirudi."

Fundi alilia kwa furaha, mama mkwe akamfuta machozi kwa upindo wa khanga.

Nyuzi za kidonda zikatolewa. Maumivu yakaisha, na hakuna aliyembonyeza tena. Akarudi kwenye cherehani, na asubuhi moja, mama mkwe akiwa ameketi karibu naye akimsimulia umbea wa jirani, fundi alisita kusikiliza, akaondoa mguu kwenye pedali, lakini mkono wake uliopasuliwa haukusita, uliendelea kuvuta kitambaa kilichokuwa hakishonwi tena.

"Pumzika basi, mwanangu."

"Nimepumzika, mama," fundi alinong'ona. "Huo si mimi."

Mkono ukaachia kitambaa, ukainuka polepole huku harufu ile ya udongo ikijaa chumbani, na fundi akaushika kwa mkono wa pili, akauvuta kwa nguvu zake zote, lakini ukamshinda, ukavuka meza, ukafika usoni pa mama mkwe na kuanza kumpapasa shavu, kisha midomo, kisha kope, kwa upole, kama mtu aliyeishi miaka na miaka bila kuwa na kitu cha kugusia.