Jina la Badra Kwenye Mbiu

Soko la Mdina Jidida, mjini Wahran, msimu wa harusi ukikaribia, halina adabu. Unasukumwa na mwenye mkokoteni, unasukumwa na mama mwenye mabinti watatu, na ukisimama kuuliza kwa nini unasukumwa, unasukumwa tena. Ndani ya duka moja la vitambaa siku hiyo, Badra alikuwa ameshika upande huu wa lesi ya kijani, kipande cha mwisho kilichobaki, na mwanamume asiyemjua ameshika upande wa pili.

"Achia, kaka," Badra akasema.

"Achia wewe, dada. Mimi ndiye niliyekishika mwanzo."

"Ukifanyie nini? Hii ni lesi ya bibi harusi."

"Nataka kushonesha shati."

Badra akamtazama toka juu hadi chini: koti jeupe limembana, viatu vyenye ncha, nywele zimepakwa mafuta zikang'aa kama zeituni.

"Shati la lesi! Mwanamume mzima! Mama yako yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Basi mwonee huruma."

Mwenye duka akacheka mpaka mkasi ukamponyoka. Yule mwanamume naye akacheka, akaachia kitambaa.

"Chukua. Lakini nipe namba yako ya simu."

"Namba ya nini?"

"Nijue lesi yangu imeolewa na nani."

Huyo alikuwa Jilali, Shab Jilali, mwimbaji wa rai, muziki wa kwao Aljeria. Wahran mwimbaji wa rai huitwa Shab, yaani kijana, hata akiota mvi, na kwa Jilali mvi zilikuwa zimeshaanza kubisha hodi. Miaka yote hiyo aliimba nyimbo za wenzake, harusini na kwenye kumbi za ufukweni. Wimbo wake mwenyewe, ule ambao mtu angeuimba akifua nguo bila kujua anaimba, hakuwa nao. Jambo hilo lilimkereketa usiku na mchana.

Badra alikuwa mshonaji wa mtaa wa Gambeta. Alishona blauza, gauni lile refu la bibi harusi wa Wahran, shanga zimejaa kifuani kama nyota. Mlangoni kwake hapakuwa na kibao. Jina lake lilipita kinywani mwa mama mmoja hadi mwingine: "Mpeleke binti yako kwa Badra wa Bi Mimuna. Ana mkono mzuri, na nyumba yao ina heshima." Jina hilo ndilo lililokuwa duka. Cherehani ilikuwa chombo tu.

Namba alimpa. Siku hiyo hakumpa, alimpa baadaye, kupitia kwa yule mwenye duka, na mpaka leo anakana. Ikawa simu haipoi.

"Umekula?"

"Nimekula karantika."

"Karantika tena? Kila siku unga wa dengu! Utaota majani."

"Sasa, ini langu, mke sina. Nani anipikie?"

"Hilo ini lako lilindwe kwanza dhidi ya mafuta ya hizo karantika."

Kwao mpenzi huitwa ini, si moyo, kwa kuwa mtu akiumia kweli huumia huko chini. Wakakubaliana kwamba Idi ikipita, Bi Yamina, mama yake Jilali, atakwenda Gambeta kuposa. Kabla ya hapo, mtu asijue.

"Hata ukiota, ota kimya kimya," Badra akamwambia.

"Na nikiimba?"

"Ukiimba, jina langu lisitoke."

Sasa nyimbo za rai zina desturi yake. Pembeni ya mwimbaji husimama mpiga mbiu. Anayetuza humnong'oneza salamu zake, mpiga mbiu huzitangaza kwa sauti ya kuamsha mtaa, na mwimbaji lazima azirudishe ndani ya wimbo, papo hapo, kama zilivyo. Mtu mwingine akitaka kumshinda wa kwanza, hutuza zaidi na kuchukua salamu ile ile iwe yake. Hapo ndipo harusi inapopata moto. Lakini jina la mwanamke halitangazwi. Husemwa "mwenye macho meusi", husemwa "yule wa ghorofa ya tatu", na mwenyewe akisikia anajua.

Katika harusi moja ya Alhamisi, Jilali akaimba kwa mara ya kwanza wimbo aliomtungia Badra. Alikuwa amevaa shati la hariri la rangi ya komamanga. Hakufika hata ubeti wa pili, watu wakasimama. Wazee wakasimama. Mpika kuskusi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Furaha ikampanda Jilali kichwani. Akatoa noti mfukoni mwake mwenyewe, akaiweka kwa siri mkononi mwa Kwider, mpiga mbiu wake.

"Salamu kwa Badra wa Gambeta, kutoka kwa asiyepata usingizi."

Kwider akamkodolea macho. "Kwa jina?"

"Kwa jina! Nimechoka kuficha."

"Shauri yako, bwana. Mimi mdomo tu."

Kwider akatangaza. Hajamaliza, Hajj Buziane akainua mkono kule mezani. Huyu alikuwa tajiri wa malori ya mchanga, mtu asiyekubali kushindwa kutuza hata kwenye harusi ya mtoto wa adui yake. Yeye Badra hamjui, hajawahi kumwona. Alichojua ni kwamba kuna mtu ametuza, basi naye lazima amzidi.

"Natuza mara mbili ya huyo! Badra huyo huyo! Na macho yake yote mawili!"

Kwider akatangaza. Na mdomo wa Jilali, uliozoea kwa miaka kurudisha kila ulichosikia, ukatangulia kabla ya akili: "Badra wa Gambeta, ee, Badra wa Hajj Buziane!"

Ukumbi ukalipuka. Simu zilikuwa juu, zinarekodi.

Kesho yake kabla ya adhuhuri wimbo ulikuwa kila mahali: kwenye teksi, kwa kinyozi, kwa muuza samaki. Mama wa bibi harusi mmoja akaja Gambeta kuchukua kitambaa chake, hakijaguswa hata na mkasi.

"Si kwa ubaya, mwanangu. Wakwe zangu ni watu wa maneno."

"Maneno gani, mama?"

"Mimi sijui. Mimi nataka kitambaa changu."

Badra akampigia Jilali. Huko alikokuwa kulikuwa na kelele na vicheko.

"Ini langu! Umesikia? Dereva wa teksi ameniimbia wimbo wangu mimi mwenyewe!"

"Buziane ni nani?"

Jilali akatoka nje, kelele zikabaki nyuma.

"Jilali, nakuuliza. Huyo mtu ni nani, na amekutuza nini mpaka ukampa jina langu?"

"Sikiliza, haikuwa hivyo. Desturi yetu unaijua, mtu akishatoa..."

"Kumbe akishatoa anapewa!" Simu ikakatwa.

Jilali akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Ujumbe haukusomwa. Jilali akawaza, akaona bora asafishe jambo hadharani. Akakaa mbele ya simu yake, akajirekodi uso umesawijika kwa huzuni: "Enyi watu wa Wahran, mwogopeni Mungu. Badra, binti wa Bi Mimuna, mshonaji wa blauza, pale Gambeta karibu na tanuri la mikate, ni mwanamke wa heshima na hamjui Hajj Buziane."

Mpaka dakika ile, mji ulikuwa na akina Badra wengi. Sasa ulibaki na mmoja, na njia ya kufikia kwake.

Vijana wakawa wanakuja kupiga picha mlango. Wambea wa mitandaoni wakasema ameolewa kwa siri. Wengine wakasema ameachwa kwa siri. Siku moja akaingia mwanamke mnene, bangili hadi kiwikoni, akamkagua Badra polepole.

"Wewe ndiye?"

"Ndiye nani?"

"Mimi ni mke wa Buziane. Nilitaka kuona macho yenyewe." Akayaona. "Ya kawaida tu," akasema, akatoka.

Bi Mimuna, mama yake Badra, alikuwa kwenye kochi akichambua dengu. Akamgeukia binti yake.

"Nilikwambia nini kuhusu waimbaji?"

"Hukuniambia kitu, mama. Hukujua."

"Ningejua ningekwambia."

Ukumbi wa wazi wa mji, ule ambao Jilali aliuota tangu anaimba kwa kipaza sauti cha kuazima, ukampigia simu. Wanamtaka tamasha la kiangazi. Sharti moja: wimbo wa Badra uwe wa kufungia. Jilali akaenda kwa yule mwenye duka la vitambaa, akamwomba simu yake, akapiga kwa namba hiyo. Badra akapokea akidhani ni habari za lesi.

"Usikate. Nakuomba. Neno moja."

"Sema, nina pasi ya moto mkononi."

"Salamu ile ya kwanza, ya yule asiyepata usingizi, ilikuwa yangu mimi. Nilitoa mfukoni mwangu. Nilitaka nikuheshimu mbele za watu."

Badra akaiweka pasi kando. Alipocheka, kicheko hakikuwa na utamu.

"Nami nilidhani umeniuza kwa Buziane. Kumbe sokoni ulinipeleka wewe, Buziane kapita tu akauliza bei."

"Nimekosa."

"Umekosa. Huko ukumbini utauimba?"

"Badra, nimesubiri jukwaa lile umri wangu wote."

"Sikukuuliza umesubiri nini."

"Nisipouimba hawataniita tena. Huu ndio wimbo wangu pekee, unaelewa? Pekee!"

"Na mimi nina majina mangapi?"

Badra akakata simu. Safari hii alikata taratibu, na hilo lilimuuma Jilali kuliko matusi.

Siku ya tamasha ukumbi ulifurika. Jilali akatoka amevaa suti nyeusi isiyo na kimetameta hata kimoja, watu wakashangaa. Akaimba za wenzake, wakapiga makofi ya heshima. Ikafika mwisho. Wakaanza, kwanza upande mmoja, kisha wote: "Bad-ra! Bad-ra!"

Jilali akashika kipaza sauti.

"Wimbo huo siuimbi."

Wakacheka, wakidhani anawachezea.

"Siuimbi. Mwenye jina hakuniruhusu."

Hapo wakaelewa. Mzomeo ukashuka kama mvua ya mawe, chupa za maji zikaruka. Kwider akamvuta mkono: "Imba, bwana, tutauawa!" Mwandaaji akawa anamfanyia ishara za kukata shingo. Na mpiga kinanda, kwa woga au kwa ukaidi, akaanza kuupiga wimbo mwenyewe. Watu wakaupokea. Wakauimba wote, ubeti kwa ubeti, na Buziane wao humo humo, maelfu ya midomo. Wimbo aliouomba kwa Mungu miaka yote ulikuwa unaimbwa na mji mzima, na mwenye wimbo kasimama katikati yao kafumba mdomo.

Alitamani kulia. Hakulia. Akaweka kipaza sauti chini, akaondoka.

Wiki ile kazi zake zote za kuimba harusini zikavunjwa. Wambea wakaandika kwamba Shab Jilali amelewa, wengine kwamba amerogwa. Yeye akaoga, akavaa shati la kawaida, akaenda Gambeta mchana kweupe, mtaa mzima unaangalia. Akasimama mlangoni kwa Badra, hakuingia.

"Nilisikia walikurushia chupa," Badra akasema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Ndiyo."

"Ilikupata?"

"Moja. Begani."

"Ilikuwa tupu au imejaa?"

"Imejaa."

"Vizuri," Badra akasema, lakini akainua macho kutazama lile bega.

Vijana wawili wakasimama ng'ambo ya barabara, simu juu. "Huyu hapa! Na yeye yumo ndani! Oya, Badra, toka tukuone!"

Mlango ule ulikuwa nusu wazi nusu umefungwa tangu siku ya balaa. Badra akanyanyuka, akausukuma wote mpaka ukagonga ukuta. Akatoka hadi barazani, futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Mimi ndiye Badra!" Sauti yake ikafika mpaka kwenye tanuri la mikate. "Mimi ndiye mshonaji. Mwenye binti wa kuozwa aingie nimpime. Asiye na binti anaziba njia."

Wale vijana wakateremsha simu. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mikate, aliyepita mlango ule wiki nzima akiangalia pembeni, akasimama. "Blauza ya mtoto wa dada yangu," akasema kwa aibu, "unaweza kuimaliza kabla ya mwezi kwisha?"

"Mlete kesho."

Mama alipoondoka, Badra akamgeukia Jilali.

"Mama yako aje Alhamisi, baada ya alasiri. Mama yangu atanuna, mwambie avumilie."

Jilali akasogea hatua moja. "Na wimbo?"

"Wimbo umeshatoroka. Tutausikia kwenye harusi yetu na kwenye harusi za watoto wetu. Nitakasirika kila nikiusikia, sitakudanganya, na kila nikikasirika utaniomba radhi. Miaka yote. Ukiona mzigo ni mzito, Alhamisi mama yako abaki kwake."

"Naweza."

"Usijibu haraka."

Kule juu, ghorofa ya pili, mwanamke alikuwa anaanika shuka, anaimba peke yake, hana habari ya mtu: "Badra wa Gambeta, ee, Badra wa Hajj..."

Uso wa Badra ukakunjamana. Jilali akawahi.

"Nisamehe, ini langu."

"Hiyo ya kwanza," Badra akasema, akamsogezea kiti.