Kata Hapa kwa Kifua

Nyinyi munanijua mimi, Sulaiti. Murefu kama mti ya simu. Nikipiga chafya hapa Arua, watu ya Koboko wanaanua nguo, wanasema mvua inakuja. Na bibi yangu Rehemah, ule nilioa, munamujua pia. Mufupi! Akisimama karibu yangu, kichwa yake inafika hapa tu, kwa kifungo ya nne ya shati. Mimi namwita Nusu. Yeye ananiita Ngazi. Tunacheka.

Jana jioni Nusu alinituma chumvi.

Kazi ya kawaida, lakini chumvi siku hizi ya magendo, kupata risasi ni rahisi zaidi. Ingia duka yoyote: iko mbao tupu na panya moja analia njaa. Mimi sina shida. Mimi niko na Sidonie.

Sidonie ni mama ya Kongo, anauza kule chini karibu na mto Oli. Uganda yote inaoga na majani ya mpapai, yeye iko na sabuni. Sukari iko. Chumvi gunia kwa gunia. Na anakopesha. Haandiki kitu. Siku ya kwanza alinisimamisha, akachukua kamba ya katani, akanipima toka kisigino mpaka juu ya kichwa. Akakata.

"Mwisho ya mukopo yako ni hii," alisema. Anaongea polepole, kama mutu anaogopa kuamsha mtoto. "Papa Sulaiti, weye muntu murefu. Utakula mingi."

Nilifurahi! Soko yote nilitangaza. Nani mwingine amepewa mukopo mpaka utosi?

Gunia ya kwanza nilipeleka Koboko na baiskeli, nikauza yote. Pesa nikanunua suruali ya miguu pana, inafagia barabara, na redio kubwa kama mbuzi. Sikulipa. Nikachukua gunia ingine.

Hapo vidole ya mguu ikaingia ganzi.

Nilisema ni viatu. Nikachukua sukari: ganzi ikapanda goti. Nikalipa kidogo: ikashuka. Nikachukua sabuni: ikafika kiuno. Ikakaa hapo. Niliweka sigara yenye moto kwa paja, watu wakapiga makofi. Mimi sikusikia kitu. Maumivu hakuna. Woga hakuna. Kama mguu ya mutu mwingine.

Sasa jana, njiani, nikakutana na Sebit. Ni yeye anachimba kaburi ya Waislamu hapa. Iko na jembe kwa bega.

"Ngazi, unaenda wapi na hiyo suruali? Unafagia barabara ya serikali bure?"

"Kwa Sidonie. Mukopo yangu, bana, ni kamba yote! Kisigino mpaka kichwa!"

Hakucheka.

"Alikupima na kamba?"

"Eeh. Wewe ungepewa mpaka goti."

"Sulaiti." Akashusha jembe. "Mimi pia napima watu namna hiyo. Lakini ya kwangu wanalala... hawajibu."

Akaangalia miguu yangu.

"Ganzi imefika wapi?" aliuliza. Sijui nani alimwambia.

"Kiuno."

"Omba apunguze kamba. Ganzi isifike moyo."

Akaenda zake.

Nilitembea nafikiri. Mwanaume kuomba apunguziwe mukopo! Ni kama kwenda kwa arusi, kuomba wapunguze nyama kwa sahani yako. Soko itanicheka mpaka Sudan. Nilipe? Na nini, na suruali? Niache tu kuchukua? Mimi najijua. Mimi sina breki. Kamba ikiwa mpaka kichwa, nitachukua mpaka kichwa.

Nikateremka Oli. Jua inazama. Vyura walikuwa wanalia... wakanyamaza wote pamoja.

Harufu ya udongo mubichi. Kama shimo imechimbwa saa ile.

Sidonie alikuwa amekaa. Kama ananingoja.

"Chumvi?" alinong'ona.

"Chumvi, ndiyo. Na... Mama Sidonie, punguza."

"Punguza nini?"

"Kamba yangu. Imezidi."

Aliinua kichwa.

"Weye wa kwanza kuniomba hii. Nikate wapi?"

Nikaweka kidole kwa kifungo ya nne. Chini ya moyo, mimi mjanja.

"Kata hapa kwa kifua."

Akatoa kamba yangu kwa kanga yake. Akanipima mara ingine, akaiweka kwa meno.

Tk.

Saa ile ile vidole ya mguu ikapata moto! Goti, paja, kiuno, yote ikarudi. Nikaruka kama mbuzi.

"Sasa si kamba yako tena, Papa," alisema. "Kwako imekuwa fupi. Itaenda kwa muntu inamutosha."

Sikuuliza. Nilisikia, wallahi nilisikia... nikachukua chumvi, nikapanda mlima na mbio.

Karibu na nyumba nikasikia harufu ya nyama kwa moto. Nikasema, Nusu amenifanyia sherehe.

Rehemah alikuwa amekaa kwa jiko, anachambua maharagwe. Anaimba kidogo kidogo.

Mguu yake ilikuwa ndani ya makaa.

"Rehemah! Mguu!"

Akaangalia chini. Hakupiga kelele. Akaangalia tu, kama ni ukuni.

Nikamuvuta. Nikamwaga maji.

"Ngazi," alisema, "sisikii kitu. Tangu jua imeanza kuzama."

"Imefika wapi?"

Akaweka mkono kwa kifua.

Kifungo ya nne ni urefu yake yote, kamba imemutosha. Kiuno yangu mimi, kwa yeye ni kifua. Hiyo sikufikiri. Na chumvi ya jana iko ndani ya hesabu.

Leo asubuhi alikuwa anaongea. Saa sita alikuwa anaongea kidogo. Sebit amepita mbele ya nyumba mara mbili, hajasalimia.

Ndiyo maana munaniona nimesimama hapa, juu ya njia ya Oli, jua inazama tena. Nashuka kumwambia Sidonie arudishe kamba mpaka kichwa yangu. Hiyo tu. Neno moja. Mimi ambaye sauti yangu inafika Koboko.

Kifua yangu, hapo kamba ilikatwa, imeingia ganzi. Nikifikiri Nusu, hakuna kitu inajibu hapa ndani.

Lakini miguu iko vizuri sana. Inasikia kila jiwe.

Na haitaki kushuka.