Kiti cha Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu Muhindo, aliyekuwa akiosha magari kule mtaa wa Mangobo mwaka 2000, mabomu ya vita yalipokuwa yamenyamaza kwa wiki chache tu. Mteja wake, Papa Isaïe, alimletea jeep aliyoinunua kwa askari. Alitaka kuwapeleka watoto wake mji wa Yangambi siku hiyohiyo.

Muhindo akasugua viti kwa sabuni, akavipaka mafuta ya ngozi, akafunga milango. Mvua ikaja, ikatia giza chini ya paa la bati alipooshea magari. Alikuwa amechuchumaa akisugua matope kwenye gurudumu aliposikia springi zikilia, na gari likashuka kidogo, kama mtu amepanda. Likashuka tena. Na tena. Akachungulia dirishani. Hapakuwa na mtu, ila kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea mahali patatu.

Papa Isaïe aliporudi, Muhindo alimshika mkono.

"Papa, usibebe batoto mu hii motokari. Iko na batu ndani."

"Batu gani? Vita iliharibu kichwa yako, donc!"

Akafungua mlango wa nyuma, akainua mfuko wake auweke kitini. Kabla haujagusa, ngozi iliyobonyea ilijiinua polepole, ikilia, na pale pembeni yake pakabonyea zaidi, kama mtu aliyesogea kumpisha.