Toleo Linaloshikiliwa

Mlango wa stoo ya zahanati ya Mabamba haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima kabisa. Seva tu ndiyo haikuwepo, na rekodi za wagonjwa wote zilikuwa ndani yake.

"Kuna watoto wa selimundu humo, afande," alisema mganga. "Tukiwaongezea damu kwa kubahatisha, tutazika."

Inspekta Kuruthumu hakupoteza muda. Alikwenda Kasulu kwa Badru, fundi anayesimamia seva za zahanati zote za shirika lile.

"Seva hiyo ilikataa kifurushi kipya," alisema Badru. "Jana nikatangaza kwamba nakwenda Mabamba mwenyewe kukiweka. Leo naambiwa imeibiwa."

"Kifurushi? Bando?"

Badru alicheka. "Cha programu, afande. Tazama, naziuliza seva zote kwa mpigo zina toleo gani."

Aliandika mstari mmoja, akabonyeza. Kasanda ikaitika: toleo jipya. Kibondo, jipya. Kumsenga, jipya. Kuruthumu alisahau hata kukaa. Milima yote ile, mabonde yote yale, na mashine zinaitwa majina kama wanafunzi, nazo zinaitika! Subhanallah.

Kisha ukatokea mstari mwingine. Mabamba: toleo la zamani, linashikiliwa.

"Iliyoibiwa imeitika?"

"Imewashwa, afande. Iko kwenye intaneti ya zahanati ya Kumsenga."

"Mwizi gani huyu, anaiba halafu anaunganisha? Na hilo 'linashikiliwa'?"

"Mtu ameamuru lisibadilishwe. Lazima awe na nywila."

"Nani anayo?"

"Mimi," alisema Badru. "Na nesi Immakulata, mtunza rekodi wa Mabamba."

Kuruthumu alimwacha Badru Kasulu, akamkuta nesi huyo Kumsenga, kwenye chumba cha dawa. Seva ilikuwa inanguruma juu ya kreti la soda.

"Umeiba?"

"Nimehamisha, afande."

"Kwa ufunguo wa nani?"

"Wangu."

"Kwa nini?"

Machozi yalimtangulia. "Toleo jipya linafuta kila familia isiyo na namba ya kitambulisho. Mabamba wako wengi, wazazi wao walikimbia vita. Nililia na wakubwa, wapi! Nikalishikilia. Badru aliposema anakuja, nikaibeba kwa bodaboda, nimeipakata. Mwanangu Nduwayezu yumo humo. Damu iliyomkataa alipoongezewa imeandikwa humo tu. Nimeiwasha ili wenzangu waweze kuisoma."

Simu ya Kuruthumu ikaita. Alikuwa Badru.

"Afande, maadamu iko hewani na nimejua kilichoizuia, nafungua kwa nywila yangu, natuma toleo jipya kutoka hapa hapa. Wakubwa wamebana."

"Thubutu! Hicho ni kielelezo cha polisi. Ukikigusa umeharibu ushahidi. Kinashikiliwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mahakama iseme. Na kesi zetu unazijua zinavyokwenda."

Alikata simu, akamgeukia Immakulata.

"Na wewe unashikiliwa, mama Nduwayezu."

"Yezu wanje, Yesu wangu," alinong'ona Immakulata, akanyoosha mikono afungwe.

Kuruthumu hakutoa pingu. Alimpa simu yake.

"Mpigie kwanza mganga wa Mabamba. Mwelekeze namna ya kuzisoma rekodi akiwa huko huko."