Mjusi Chini ya Jani la Mgomba

"Kwa wakazi wote wa Mtaa wa Nne. Inatangazwa rasmi kwamba kila sahani, bakuli au chupa ya jirani iliyosahaulika jikoni mwako irudishwe kwa mwenyewe kabla ya saa sita mchana wa leo, Jumatatu. Majina ya watakaokaidi yatasomwa hadharani. Sungkono, Mwenyekiti."

Tangazo hilo liliingia katika simu za kaya thelathini na nane za mtaa huo wa mji wa Salatiga saa moja na dakika arobaini asubuhi. Dakika kumi na mbili baadaye ikaingia video ya mjusi.

Bu Hapsari, yaani Mama Hapsari, mkaguzi wa madai wa kampuni ya bima, aliitazama mara tisa siku ya pili yake, akiwa ndani ya basi kutoka Semarang. Ilikuwa ya sekunde ishirini na sita. Mkono wenye glavu unafungua chupa ya mdomo mpana yenye lebo ya "Sambal ya Wening". Unaondoa jani la mgomba, la kijani. Na chini ya jani, juu ya pilipili iliyokaangwa, amelala mjusi mkavu. Maandishi, ya mtu wa ng'ambo ya bahari, yalisema: "Nimeipokea leo kwa posta, hapa Makassar." Watu laki mbili walikuwa wameshaitazama, na wengi wao walikuwa na maoni.

Duka la mtandaoni lilikuwa limefunga ukurasa wa Bu Wening, mtengenezaji wa sambal hiyo, achari ya pilipili. Mkaguzi akithibitisha kabla ya Alhamisi kwamba mjusi hakutoka jikoni mwake, ukurasa ungefunguliwa. Asipothibitisha, ungefutwa moja kwa moja. Bu Wening alikuwa mjane, na jiko hilo ndilo lililokuwa likimsomesha binti yake chuo kikuu. Hakuwa na kazi nyingine.

"Nionyeshe unavyofunga chupa ya mteja," alisema Bu Hapsari saa nne na robo, akiwa amesimama jikoni na daftari lake.

Bu Wening alivisha kifuniko ngozi ya plastiki, akaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikanywea na kung'ang'ania.

"Na jani la mgomba unaliweka saa ngapi?"

"Jani? Za posta siwekei jani, Bu. Siku nne tu njiani linakuwa jeusi kama soli ya kiatu. Jani ni la majirani, kama alivyokuwa akifanya marehemu mama." Akaichukua simu ya mkaguzi, yenye ile video, kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Hili si jani hili?"

"Ni jani. Na bado ni kijani."

"Nimeiangalia mara mia, sijaliona!"

"Ulikuwa ukimtazama mjusi. Majirani gani?"

Jumamosi, kusherehekea mteja wake wa elfu moja, Bu Wening alikuwa amegawa chupa tatu: kwa Bu Ratmi wa upande wa pili wa ukuta, anayeuza chipsi za uduvi, kwa Pak Sungkono, yaani Bwana Sungkono, mwenyekiti, na kwa Mas Danang, kaka wa nyumba ya kona, wakala aliyemuuzia hati yake ya bima dhidi ya kuchafuliwa jina la biashara. Chupa zote tatu zilikuwa na kasoro za kioo, zisizofaa kuuzwa.

"Ziko wapi sasa?"

"Zilirudi jana. Nilikuwa ofisi ya afya nikihojiwa kama mwizi, nikazikuta kizingitini." Alionyesha rafu. Chupa moja ilijaa chipsi za uduvi, moja mayai ya bata ya kuchemsha, moja karanga za kukaanga.

"Hakuna iliyorudi tupu."

"Nani anarudisha chombo kitupu, Bu? Kwani sisi hatukulelewa?"

Katika sekunde ya kumi na nne ya video mwanga uliangukia mdomo wa chupa na kuonyesha pengo dogo, ukubwa wa punje ya mchele. Bu Hapsari alimimina vyakula vile katika sahani tatu, akapitisha kidole kwenye kila mdomo. Wa kwanza ulikuwa mzima, wenye viputo tu ndani ya kioo. Wa pili ulikuwa umepinda. Wa tatu ulikuwa na pengo.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema.

Bu Wening alitazama sahani iliyokuwa kando ya chupa hiyo, akakaa chini taratibu. "Chipsi za uduvi. Ratmi! Miaka kumi na moja tunaanika nguo kamba moja!"

"Usimwambie mtu yeyote kitu mpaka saa tisa," alisema mkaguzi.

Saa tisa kamili wote watano walikuwa barazani kwa mwenyekiti, kwenye viti vya plastiki vya mtaa, kila kimoja kikiwa na namba. Bu Hapsari hakukaa.

"Nina swali moja tu. Katika chupa ya Bu Wening kila mmoja wenu alirudishia nini? Bu Ratmi."

"Swali gani la ajabu hilo? Mayai ya bata."

"Mwongo!" Bu Wening alishindwa kujizuia. "Mtaa mzima nani anakaanga chipsi za uduvi kama si wewe?"

"Hee! Nikurudishie chipsi zangu, wakati kila siku unakula zinazovunjika bila kulipa? Nilikuona unalia, nikasema leo nimpe cha maana. Bata wangu wametaga kwa ajili yako, unaniita mwongo?"

"Pak Sungkono," alisema mkaguzi.

"Karanga," alijibu mwenyekiti. "Saa tatu na dakika tano. Niliandika."

Ikabaki chupa moja na mtu mmoja. Mas Danang, aliyevaa shati la kampuni lililopigwa pasi, alikuwa akisoma namba ya kiti chake.

"Ala!" Bu Ratmi alipiga goti lake. "Alikuja kununua chipsi kwangu jana saa nne! Namuuliza za nini, ananiambia ana mgeni. Mgeni mwenyewe kumbe chupa!"

"Kwa nini hukuitupa?" Bu Hapsari aliuliza.

Mas Danang alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Bu, chombo cha watu? Tangazo lilikuwa limeshatoka."

Mkaguzi aliandika jibu hilo lote. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi alikuwa amekutana na watu walioweza kumchafulia jirani jina mbele ya halaiki. Huyu alikuwa wa kwanza kushindwa kukaa na chupa ya jirani huyohuyo.

"Sikutaka kumuumiza," alisema Mas Danang. "Tangu Machi nimegonga milango thelathini na nane, na hati nimeuza moja. Wote wananiambia, 'Kwani kuna nini kitatokea hapa?' Nikasema kitokee kidogo. Kampuni imlipe Bu Wening, watu waone, wanunue. Nami ningeifuta video jioni ileile. Jioni ilipofika ilikuwa imeshafika kwa watu elfu tisini, wengine wameiwekea muziki."

"Na mjusi?" aliuliza mwenyekiti.

"Alikuwa amekufa tayari, Pak. Kwenye bawaba ya mlango wangu."

"Kwa hiyo ulikuwa unanisaidia," alisema Bu Wening.

"Ndiyo, mama."

"Siku ukinichukia, nitumie barua kwanza nijiandae."

Ripoti iliondoka saa kumi na nusu pamoja na chupa yenye pengo, na Jumatano asubuhi ukurasa ukafunguliwa. Mas Danang aliungama mbele ya kamera. Walimtazama watu mia nne na kumi na mmoja. Wateja waliletwa na Bu Ratmi, ambaye kwa siku tano mfululizo alichovya chipsi katika sambal mubashara mtandaoni, akichungulia chini ya kila jani kwanza na kupiga yowe. Oda zikawa nyingi kuliko za awali.

Kuhusu fidia ya siku zilizopotea, kampuni ilijibu baada ya wiki tatu. Shambulio lilikuwa la kweli na hati ilikuwa halali. Lakini mshambuliaji alikuwa wakala wa kampuni, na kampuni haikuwa na kifungu cha kujikinga na yenyewe. Faili lingepelekwa kwa kamati, ambayo bado haijaundwa. Chupa ingebaki makao makuu kama kielelezo.

Mkutano wa mtaa uliisoma barua hiyo mara mbili, ukajadili kwa saa moja, kisha ukapitisha azimio kwa kauli moja, likapigwa mhuri na kutumwa: kwamba kampuni ya bima ina chupa ya jirani, irudishwe kabla ya saa sita mchana wa Jumatatu, na isirudishwe tupu.