Gauni la Mama

Kila alipotoka shule, Uzi alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake. Alifagia vipande vya nguo, akaokota sindano zilizodondoka, kisha akakaa kwenye kigoda kufanya kazi za shule. Uzi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Kwa wembamba wake, alipewa jina hilo na Dada Pini, mwanagenzi wa mama yake, msichana aliyeweza kusimulia kisa kizima cha kuchekesha huku amebana pini midomoni na asidondoshe hata moja.

Wiki hiyo kulikuwa na gauni la bibi harusi, la satini nyeupe, lililoning'inia ukutani likisubiri Jumamosi.

"Litazame kwa macho, si kwa vidole," mama alimwonya.

Alhamisi mchana mama alikwenda dukani kutafuta vifungo. Dada Pini aliwasha pasi ya mkaa, akachukua ndoo na kutoka kwenda bombani. Uzi akabaki peke yake na gauni. Aliona mikunjo mbele, karibu na pindo, akatamani kuinyoosha kidogo tu ili mama akirudi amsifu. Alijua vizuri kwamba satini hainyooshwi mpaka iwekewe juu kitambaa cha pamba kilicholoweshwa. Lakini maji yalikuwa hayajaja, na subira hakuwa nayo. Akaibandika pasi kavukavu.

Harufu ilimfikia kwanza. Alipoinua pasi, akaona tundu lenye kingo za kahawia na umbo la ncha yake. Alilirudisha gauni kwenye ndoano, upande ulioungua ukielekea ukutani, akafungua daftari. Hakuna hesabu hata moja aliyoipata mchana ule.

Jioni, mama alipolishusha gauni ili ashone vifungo, aliliona tundu. Akamgeukia Dada Pini, aliyeachiwa pasi.

"Fundi, naapa si mimi," Dada Pini alisema. "Nilitoka kuchota maji tu."

"Kwa hiyo limejichoma lenyewe? Kosa ningekusamehe, Pini. Uongo, hapana. Nenda nyumbani, na usirudi."

Dada Pini alimtazama Uzi. Uzi alitazama vidole vya miguu yake. Neno moja lingetosha. Dada Pini akatoa pini midomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake shuleni, mwalimu wa dini aliwaambia kwamba Mungu ni wa haki na hakuna dhambi inayompita. Uzi alihisi maneno yale yametumwa kwake. Wakati wa mapumziko alijificha nyuma ya darasa akajaribu kusali, asiweze. Mungu wa haki angemsikiliza kwa lipi? Na kama angemsamehe hivihivi tu, Dada Pini angetetewa na nani? Kila alikogeuka aliona ukuta. Alijiona amekwisha.

Alipofika nyumbani alimkuta mama akifumua sehemu iliyoungua, macho mekundu. Satini ya aina ile ilikuwa imekwisha madukani.

"Mama, ni mimi," alisema, na machozi yakamtangulia maneno. "Ni mimi niliyeliunguza. Dada Pini hakusema uongo."

Mama aliliweka gauni kando.

"Vaa viatu," alisema.

Walikwenda mpaka kwa shangazi yake Dada Pini, na Uzi akarudia maneno yale mbele ya wote wawili. Kisha mama naye akainamisha kichwa. "Nimekuhukumu bila haki, binti yangu. Naomba unisamehe, na urudi kazini."

"Nimesikia," alijibu Dada Pini, akafunga mlango.

Nyumbani, mama alifungua sanduku lake na kutoa gauni lake la harusi, nalo la satini nyeupe. Kitambaa chake kilinunuliwa na marehemu baba yake Uzi, na tangu Uzi akiwa mdogo aliahidiwa kwamba siku moja atalivaa yeye. Mama akalitandaza mezani, akashika mkasi.

"Mama, usilikate! Nichape! Nichape mpaka uchoke!"

"Nikikuchapa, gauni la watu litapona?"

"Basi mwambie bibi harusi si kitu, ilikuwa bahati mbaya."

"Avae tundu mbele ya watu kwa sababu mwanangu nampenda? Si haki, Uzi."

Mkasi ukapita. Mama alikata huku analia, na Uzi akatamani viboko. Gauni lile lisingerudi tena, hata angekuwa mtoto mwema maisha yake yote.

"Unalia kwa sababu umenikasirikia?"

"Nalia kwa sababu inauma." Mama alijifuta kwa kiganja. "Sikiliza, mwanangu. Mungu hakusema dhambi zetu si kitu, maana ni wa haki. Wala hakututupa, maana anatupenda. Alitoa cha kwake mwenyewe. Alimtoa Mwanawe afe msalabani. Usidhani hakuumia. Wewe unasamehewa bure, lakini kuna aliyeumia ili usamehewe. Ukikumbuka hilo, hutacheza na dhambi, na hutaogopa tena kusali."

Jumamosi asubuhi na mapema, Dada Pini aliingia. Hakusimulia kisa chochote. Alibana pini midomoni, akapiga magoti kando ya gauni, akaanza kazi. Kipande kipya kiliposhonwa, mama alimnyooshea Uzi pasi.

Uzi alirudi nyuma. "Siwezi, Mama."

"Shika. Lowesha kitambaa kwanza."

Uzi alitazama huku na huku akitafuta maji. Dada Pini, bila kuinua macho, akaisukuma ndoo mpaka miguuni pake.